Daktari wa dharura naye avuke Grande Barrière

Nyanya za Rubavu zina karatasi ya kuvukia mpaka. Vitunguu vinayo, mayai yanayo, vitenge vinavyotoka Goma vinayo. Mchuuzi wa mzigo mdogo anayefuata utaratibu rahisi wa biashara wa COMESA anaijua orodha ya pamoja ya bidhaa, anajua ajaze fomu ipi na aipeleke dirisha gani. Asiye na fomu wala dirisha ni daktari anayetakiwa kumfuata mchuuzi huyo siku atakapoanguka upande wa pili.

Jambo hili huonekana dogo mpaka limpate mtu. Mama wa Rubavu ameuza kabichi zake Birere, anarudi na pesa kiunoni, pikipiki inamgonga. Anainuka, anajifuta vumbi, anasema hajaumia. Baada ya nusu saa uso umepauka, jasho baridi linamtoka, tumbo limekaza. Anavuja damu ndani. Mahali alipo ni mwendo wa miguu wa dakika chache tu kutoka Rwanda. Mumewe aliyebaki Gisenyi anapiga 912, namba ya bure ya SAMU, huduma ya magari ya wagonjwa iliyoanzishwa Rwanda mwaka 2007. Gari linakuja mpaka kwenye kizuizi. Mgonjwa naye inabidi aletwe kwenye kizuizi hicho hicho: kwa pikipiki, kwa chukudu, au kwa mgongo wa mtu. Kati ya njia hizo tatu hakuna inayomfaa mtu anayevuja damu tumboni.

Igeuzwe upande wa pili. Mama wa Goma yuko Gisenyi kununua maziwa, mtoto mgongoni ana homa toka jana, mara anaanza kukakamaa na macho kugeuka. Mama hajui hospitali iko barabara gani. Hajui ataulizwa nini mlangoni, wala kama atatakiwa kuonyesha kadi ya Mutuelle, bima ambayo Rwanda imeiweka kwa wakazi wake. Anachokijua ni njia ya kurudi nyumbani, na huko ndiko anakokimbilia, akampita muuguzi ambaye angeweza kuituliza degedege ile kwa dawa moja na oksijeni.

Visa hivi viwili ni mifano tu, lakini hakuna anayefanya biashara Grande Barrière au Petite Barrière kwa miaka miwili mitatu asiyejua mtu aliyepatwa na kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo habari za madaktari wa dharura, wapi wanasomeshwa, nani anawaajiri, leseni zao zinafika wapi, zinamhusu mwenye mzigo sawasawa na zinavyowahusu madaktari wenyewe.

Wengi bado hudhani daktari wa dharura ni daktari yeyote aliye zamu usiku. Kwa muda mrefu ndivyo ilivyokuwa: daktari kijana, aliyetoka chuoni juzi, ndiye aliyeachiwa mlango ambao wagonjwa mahututi huingilia, na mabingwa wakaitwa baadaye, kila mmoja kwa kiungo chake. Ubingwa wa tiba ya dharura umegeuza mpango huo. Bingwa wa dharura hukaa mlangoni. Humpokea mtu ambaye bado haijulikani ana nini, na kazi yake ni kujua ndani ya dakika chache ni nini kitamuua kwanza, kisha kukizuia. Huifungua njia ya hewa iliyoziba. Huingiza mrija kifuani kutoa hewa au damu inayolibana pafu. Huweka kifaa cha ultrasaundi tumboni mwa mama aliyegongwa na kuiona damu kabla tumbo halijavimba. Ndipo huamua nani aende chumba cha upasuaji sasa hivi, nani asubiri, nani apakiwe kwenye gari kwenda Kigali.

Foleni nayo hubadilika. Sokoni aliyefika kwanza huhudumiwa kwanza, na asiyefuata hilo hugombana na watu. Katika chumba cha dharura kilichopangwa vizuri wagonjwa hupewa rangi: nyekundu kwa anayekufa, chungwa kwa asiyeweza kungoja, njano kwa anayeweza kungoja kidogo, kijani kwa anayeweza kungoja zaidi. Hospitali ya CHUK ya Kigali hutumia mfumo wa aina hii, uliotoholewa kutoka Afrika Kusini. Mfanyabiashara aliyekaa saa tatu na kidonda cha mguu huku akiona wengine wakipitishwa mbele yake huenda akakasirika. Akijua maana ya rangi atakasirika kidogo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya nusu ya vifo katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati husababishwa na hali ambazo huduma ya dharura ingeweza kuzitibu: ajali, uzazi wenye matatizo, homa kali za watoto, pumu, moyo, sumu. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa shirika hilo ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zijenge mifumo ya huduma za dharura. Maazimio ya Geneva hufika Rubavu yakiwa yamechoka, lakini hili limekuta kazi imekwisha anza katika ukanda huu.

Dar es Salaam ndiko ilikotangulia. Januari 2010 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura kwa msaada wa Abbott Fund, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kusomesha mabingwa kwa miaka mitatu. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Mwaka huo huo wa 2013 Chuo Kikuu cha Rwanda kilianza masomo yake ya ubingwa huo, ya miaka minne, na kundi la kwanza likatoka mwaka 2018. Mwaka 2018 pia ndipo Kigali ilipoupokea mkutano wa Afrika wa tiba ya dharura, ule unaoandaliwa na Shirikisho la Afrika la Tiba ya Dharura lililoundwa mwaka 2009. Uganda ilianzia kijijini: Nyakibale, wilaya ya Rukungiri, hospitali iliyofundisha wauguzi kuendesha chumba cha dharura, kumtambua mgonjwa, kumtibu na kushona jeraha, kwa sababu madaktari hawakutosha. Baadaye Mbarara na Makerere zikaanza kusomesha madaktari bingwa.

Hizo ndizo nafasi zilizopo. Daktari kijana wa Rubavu mwenye shahada yake na leseni yake ana mahali pa kuomba ndani ya nchi. Rwanda imetangaza tangu mwaka 2023 mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne katika miaka minne, na mpango kama huo hauwezi kutimia bila hospitali za mikoani kugeuzwa madarasa. Daktari kijana wa Goma ana mambo matatu mbele yake kabla hajafikiria Kigali au Dar es Salaam: ada, lugha na leseni. Amesoma kwa Kifaransa. Rwanda hufundisha kwa Kiingereza tangu ilipobadili lugha ya masomo mwishoni mwa mwaka 2008. Shahada yake imesajiliwa na Baraza la Madaktari la Kongo, na kuvuka nayo si sawa na kuvuka na mfuko wa viazi.

Hapa pana jambo ambalo wakubwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huliandika vizuri na kulitekeleza polepole. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, ina kifungu cha 11 kinachozitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na vya taaluma. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walikwisha saini mikataba yao. Kwa upande wa tiba, mabaraza ya madaktari ya nchi zilizotangulia yamekuwa yakikagua vyuo vya udaktari kwa pamoja, kazi nzuri isiyotangazwa sana. Kongo ilikubaliwa kuwa mwanachama Machi 2022 na kukamilisha taratibu zake Julai mwaka huo. Mfanyabiashara aliambiwa soko limefika Atlantiki. Daktari hakuambiwa neno.

Basi kila upande ungekaa na wake? Hapana, na sababu si udugu tu. Hata kwa hesabu ya duka, kila upande una bidhaa ambayo mwenzake hana. Kigali ina shule, ina walimu waliohitimu ubingwa, ina SAMU yenye kituo kimoja cha simu na magari yanayopokea amri. Goma ina uzoefu ambao hakuna shule ya ukanda huu inayoweza kuununua. Hospitali ya CBCA Ndosho imekuwa na timu ya upasuaji ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu tangu mwaka 2012, ikitibu majeraha ya risasi na mabomu mwaka baada ya mwaka. Wakati wa mapigano ya Januari 2025 ilipokea majeruhi wengi kuliko vitanda vyake. Wauguzi wa Goma wamefanya kazi ya kupanga majeruhi kwa mamia wakati wenzao wengi wameisoma kitabuni. HEAL Africa imewahudumia wanawake na watoto wa mkoa mzima. Daktari anayesomea ubingwa Kigali, akikaa miezi miwili akiwatazama watu hawa wakifanya kazi, atarudi na kitu.

Kuna na mazuku. Neno lenyewe ni la huku huku, na wanasayansi wa dunia nzima sasa wanalitumia kama lilivyo. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini kwenye miamba ya volkano, nzito kuliko hewa ya kawaida, ikatuama mabondeni na mashimoni magharibi ya Goma na kandokando ya ziwa. Mbuzi huingia akaanguka, mtoto akamfuata mbuzi, baba akamfuata mtoto. Kanuni ya kwanza ya kumwokoa mtu wa mazuku ni kutoingia kichwa kichwa pale alipolala, na mfanyakazi wa afya wa Goma anaijua kanuni hiyo kabla hajaenda shule. Daktari aliyesomea London hatafundishwa. Ziwa Kivu ni moja, na aliye Gisenyi anakaa juu ya miamba ya volkano hiyo hiyo.

Kwa kweli ukanda huu umekwisha jaribiwa kwa pamoja mara nyingi. Usiku wa Mei 22, 2021 Nyiragongo ilipolipuka, maelfu walivuka kuingia Gisenyi na magodoro vichwani, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba za pande zote mbili bila kuuliza uraia. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 mto Sebeya ulifurika Rubavu katika mafuriko na maporomoko yaliyoua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda. Oktoba 3, 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wakitazama kutoka ufukweni, na waliokufa walikuwa makumi. Wengi wa abiria wa njia ile walikuwa wakipita majini kwa kuwa vita ilikuwa imefunga barabara. Wachuuzi wa Minova wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Januari 2025 mabomu yalivuka mpaka na kuua watu Rubavu. Katika kila siku ya siku hizo, aliyekuwa karibu na majeruhi ndiye aliyekuwa daktari, alijua au hakujua.

Kwenye magonjwa ya kuambukiza mpaka umejifunza zaidi. Julai 14, 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alipogunduliwa Goma, Grande Barrière ilikuwa tayari ina ndoo za klorini na vipimajoto. Agosti 1 Rwanda ilifunga mpaka kwa saa kadhaa kisha ikaufungua, na kila mwenye nyanya siku ile anakumbuka alizipeleka wapi. Vipimajoto vilibaki. Mwaka 2024 zamu ilikuwa ya Rwanda: Marburg ilitangazwa Septemba 27, ikawashika watu 66, wengi wao wahudumu wa afya, na kuua 15 kabla ya kutangazwa kumalizika Desemba 20. Kwa ugonjwa ambao umewahi kuua wengi wa walioupata, hesabu hiyo ni ndogo, na sababu mojawapo ni uangalizi wa wagonjwa mahututi. Wagonjwa wawili waliokuwa wakipumua kwa mashine walitolewa mrija wakiwa hai, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilisema halijapata kutokea Afrika kwa Marburg.

Tofauti inayobaki ni hii: mpakani kuna anayempima mtu joto, na hakuna aliyepewa kazi ya kumshika anapoanguka. Kifaa cha kutafuta homa kwenye paji la uso hakimsaidii mama anayevuja damu wala dereva aliyeshikwa na moyo kwenye usukani. Mpaka umefundishwa kumwogopa mgonjwa. Bado haujafundishwa kumtibu.

Lipo swali ambalo gazeti la mtangamano haliwezi kulipita kimya kimya. Tangu mwishoni mwa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23, na ofisi za Kinshasa haziko tena pale zilipokuwa. Uwanja wa ndege ulifungwa, na mgonjwa aliyekuwa akipelekwa Kinshasa kwa ndege akapoteza njia hiyo. Barabara ya kwenda Gisenyi ikawa na uzito mpya. Katika hali hiyo, mkataba wa kutambuliana leseni ungesainiwa na nani? Muhuri wa nani ungekubaliwa Kigali, na muhuri huo huo Kinshasa ingeuitaje? Anayesema leseni ya pamoja itapatikana mwaka huu anauza mbuzi gizani.

Lakini leseni na elimu ni mizigo miwili tofauti. Leseni inahitaji serikali mbili zinazosemezana. Elimu inahitaji chumba, mwalimu na watu waliokaa chini. Shirika la Afya Duniani, pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na Shirikisho la Kimataifa la Tiba ya Dharura, lilitoa mwaka 2018 mafunzo ya msingi ya huduma ya dharura kwa wauguzi, matabibu na madaktari wa hospitali ndogo. Ni mafunzo ya siku nne au tano. Yalijaribiwa Uganda, Tanzania na Zambia kabla ya kutolewa. Hufundisha kuangalia njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumvua mgonjwa nguo na kumtazama mwili mzima, kwa mpangilio huo huo kila mara, awe amegongwa, amezama au ana homa. Aliyemaliza hapewi ubingwa, na wala hahitaji leseni mpya. Anarudi wodini kwake akiwa na mikono bora. Muuguzi wa Ndosho anaweza kukaa benchi moja na muuguzi wa Hospitali ya Gisenyi kwa siku hizo tano, kila mmoja akarudi kwake, na hakuna waziri atakayekuwa amesaini chochote kinachomtambua mtu yeyote.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mafunzo hayo yafanyike Gisenyi kila mwaka, nusu ya nafasi ziwe za watu wa Goma. Chuo Kikuu cha Rwanda kiwalete madaktari wake wanaosomea ubingwa wa dharura kufanya sehemu ya mafunzo yao Rubavu, maana kukaa CHUK miaka minne ni kuona wagonjwa waliofika Kigali tu, wale ambao safari ya zaidi ya kilomita 150 za milima haikuwaua njiani. Aliyekaa Gisenyi ataona nani hafiki. Huyo mwanafunzi atakuwa pia mwalimu wa wauguzi waliopo, kama ilivyokuwa kila mahali ubingwa huu ulipoota mizizi.

Lugha isiwe kisingizio. Daktari wa Goma huandika faili kwa Kifaransa, wa Gisenyi kwa Kiingereza, lakini muuguzi na mgonjwa huongea Kiswahili au Kinyarwanda, na neno "anashindwa kupumua" halihitaji mkalimani kati ya Birere na Mbugangari. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Kinahitajika zaidi saa nane za usiku kwenye machela kuliko kwenye hotuba. Karatasi moja ya kumpeleka mgonjwa, yenye maneno ya lugha tatu na picha ya mwili wa kutia alama, ingeokoa dakika nyingi. Watu wa forodha wamezoea fomu za lugha mbili na hawajafa.

Kuna wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wakuu wa hospitali watasema mabingwa ni wachache hata kwa Kigali yenyewe, na kumpeleka mmoja Rubavu ni kutoboa ndoo moja ili kujaza nyingine. Ni kweli ni wachache. Ila bingwa anayekaa mji mkuu tu huishia kutafuta kazi nje ya nchi, ambako mishahara ni mara kadhaa ya ya hapa, na hakuna anayehesabu kwamba huko nako ni kutoboa ndoo. Kijana hubaki mahali alipopewa chumba cha kazi chenye oksijeni, kifaa cha ultrasaundi kinachofanya kazi, na mwalimu wa kumuuliza. Mshahara una nafasi yake, lakini daktari wengi huondoka baada ya kuchoka kuona wagonjwa wakifa kwa kukosa vitu vidogo.

Wengine watauliza nani atalipa matibabu ya Mkongo Gisenyi na ya Mnyarwanda Goma. Hili ndilo gumu kuliko yote na haliwezi kumalizwa na daktari. Kenya iliandika katika Katiba yake ya mwaka 2010, kifungu cha 43, kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria yake ya bima ya afya ya jamii ya mwaka 2023 ikaweka mfuko wa dharura, kwa kuwa haki isiyo na fedha huishia kwenye daftari la madeni la hospitali. Rubavu na Goma hazina mfuko wa namna hiyo. Zina, hata hivyo, vyama vya ushirika vya wachuuzi vinavyochanga kwa ajili ya misiba kila juma. Mchango wa jeneza hupatikana kwa siku moja. Mchango wa damu, dripu na mafuta ya gari la wagonjwa haujawahi kuwekwa kwenye daftari, na tofauti ya fedha kati ya hivyo viwili si kubwa. Chama kinachoweza kumzika mwanachama kinaweza kumlipia saa ya kwanza hospitalini upande wowote wa kizuizi, hospitali ikipewa barua inayosema hivyo mapema.

Kuhusu gari la wagonjwa na kizuizi, jambo linawezekana bila mkataba mkubwa. Maofisa wa uhamiaji wa pande mbili hukutana mara kwa mara kuzungumzia saa za kufungua na foleni. Katika kikao kama hicho inaweza kukubaliwa kwamba machela hupita kwanza na karatasi hufuata, kwamba magari mawili yanakutana sehemu moja inayojulikana na yenye taa, na kwamba muuguzi aliye na mgonjwa haachwi nyuma kwa sababu jeto lake limeisha muda. Walemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu walipata utaratibu wao mpakani kwa kudai mwaka baada ya mwaka. Hawakungoja mkutano wa marais.

Kwa madaktari na wauguzi wanaosoma habari hizi kwa ajili ya kazi yao, neno ni fupi. Anayetaka ubingwa Rwanda aangalie matangazo ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Anayetaka Tanzania aangalie ya Muhimbili. Wa Uganda ana Makerere na Mbarara. Muuguzi asidhani habari hii haimhusu: Nyakibale ilijengwa na wauguzi. Daktari wa Goma anayeambiwa Kiingereza chake hakitoshi na aanze leo kukisoma, huku akidai mafunzo ya msingi yaje kwa Kifaransa na Kiswahili.

Kwa wafanyabiashara, vyama vya ushirika vya Rubavu na Goma vina wenyeviti, vina daftari za wanachama, vina namba za simu zinazopokelewa. Ombi lenyewe linaenea ukurasa mmoja: mafunzo ya kila mwaka Gisenyi, madaktari wanafunzi waje Rubavu, machela ipite kwanza. Lipelekwe kwa meya wa Wilaya ya Rubavu, nakala Hospitali ya Gisenyi, nakala Chuo Kikuu cha Rwanda. Chini ya ukurasa waandike idadi ya wanachama wao walioumia au kuugulia ng'ambo ya mpaka mwaka huu, wangapi walivushwa, kwa chombo gani, na wangapi walifika. Hesabu hiyo wanayo wao kuliko ofisa forodha yeyote.